Barua ya Aprili 30 na siku zilizobaki

Swali: Shikamoo mzee wangu. Naishi Mtwara mjini, nina miaka 39, mke na watoto watatu. Nimekuwa mtunza stoo miaka sita na miezi minane kwenye kampuni ya usafirishaji. Tenda kubwa iliisha haikurudi, kazi zikashuka, na Aprili 30 tukaitwa watu kumi na mmoja, tukapewa barua siku hiyohiyo. Meneja anasema nikiandika barua ya kuacha kazi mwenyewe watanilipa haraka: mshahara wa mwezi mmoja na kiinua mgongo 420,000, halafu nisaini kwamba sina madai. Mshahara wangu ulikuwa 520,000. Bado sijasaini. Nina mkopo benki. Shemeji anataka hela ikitoka tuiingize kwenye kangomba, tununue korosho za wakulima kabla ya msimu. Wengine wananiambia nihamie Lindi nisubiri mradi wa gesi. Mke wangu hajui chochote. Kila asubuhi navaa sare, naenda kukaa Feri, pale kivukoni, mpaka jioni. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta kitu kimoja tu, tarehe. Aprili 30. Leo naandika Mei 14. Mengine yote uliyoniuliza yanaweza kungoja wiki moja, lakini hiyo tarehe haingoji, kwa hiyo nitaanza nayo, na ya shemeji tutayafikia.

Barua ya kuacha kazi usiiandike. Hata kama meneja ni mtu wenu mzuri, hata kama amekuapia. Ukijiuzulu kwa mkono wako, unafunga milango miwili kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kuna fao la kukosa ajira: mwanachama ambaye ni Mtanzania, amechangia angalau miezi 18, hajafikia miaka 55 na ameachishwa na mwajiri, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Kwa 520,000 yako hiyo ni kama 173,000 kila mwezi. Haijengi nyumba, lakini ni unga na mkaa, na umeme wa luku usizime. Aliyeacha kazi kwa hiari yake hana fao hilo. Mlango wa pili ni wa kudai. Mtu aliyejiuzulu atalalamikaje kwamba ameachishwa isivyo halali? Kampuni inalijua hilo, ndiyo maana wanakuharakisha.

Barua waliyokupa wao, ile ya Aprili 30, ndiyo mali yako. Itoe nakala tatu kesho. Angalia imeandikwa nini kwenye sababu: kama imesema "kupunguzwa kazi" au "mahitaji ya uendeshaji", uko salama.

Sasa hesabu. Nimekaa na kalamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mtu aliyetimiza miezi 12 ya kazi mfululizo akiachishwa kwa sababu kama yako, alipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, isizidi miaka kumi. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 26. Wako unatoa 20,000 kwa siku. Mara saba ni 140,000 kwa mwaka. Miaka sita kamili ni 840,000. Ile miezi minane haimo, maana haijatimia mwaka. Wao wamekuandikia 420,000. Gawa kwa 140,000 uone mwenyewe: wamekulipa miaka mitatu.

Mitatu mingine imekwenda wapi? Nabashiri, na nimeyaona haya mara nyingi kiasi kwamba sidhani nakosea sana. Katikati hapo mlisainishwa mikataba mipya, pengine kampuni ilibadilisha jina au ilipata tenda nyingine, na sasa wanahesabu kuanzia kwenye karatasi ya mwisho. Kama kati ya mkataba na mkataba hukukaa nyumbani, uliamka kesho yake ukafungua stoo ileile kwa ufunguo uleule, hoja yako ya utumishi mfululizo ina nguvu. Tafuta hati za malipo ya mshahara za miezi hiyo. Huna? NSSF wanazo kwa namna yao: taarifa ya michango inaonyesha mwezi kwa mwezi nani alikuchangia. Mwombe karani wao aichape yote, tangu mwezi wa kwanza, maana ina faida ya pili. Mchango kwa kawaida ni asilimia 20 ya mshahara, nusu yako nusu ya mwajiri. Kwako ni 104,000 kwa mwezi. Ukikuta miezi imekatwa kwenye mshahara lakini haikufika, mwambie afisa wa NSSF palepale. Kudai michango iliyocheleweshwa ni kazi yao, na wana meno kuliko wewe.

Zaidi ya kiinua mgongo kuna notisi. Kwa mtu wa mshahara wa mwezi ni siku 28, na kampuni nyingi hulipa mwezi mzima badala yake, kama walivyokuahidi. Kuna siku ulizofanya kazi ambazo hazijalipwa. Kuna likizo ambayo hukwenda: mwaka una siku 28 za likizo, na kwa mwaka ambao haujaisha ni siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Sijaona likizo kwenye hesabu ya meneja wako, na watunza stoo ninaowajua hawaendi likizo, wanaogopa wakirudi watakuta vitu vimepungua. Kuna cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako na hakina bei. Nauli ya kurudi kwenu hukuiuliza lakini najua wenzako wanaizungumza: sheria inataja mahali ulipoajiriwa, haitaji kijiji ulichozaliwa. Ukizaliwa Newala ukaajiriwa hapahapa Mtwara, hiyo haikuhusu. Mwenzako aliyechukuliwa Dar es Salaam akaletwa huku, inamhusu.

Halafu namna walivyofanya. Mwajiri anayetaka kupunguza watu anatakiwa atoe taarifa mapema, aweke wazi sababu, ajadiliane na wafanyakazi au chama chao kama kuna njia ya kuepuka, nani atoke kwa kigezo gani, na lini. Kuitwa asubuhi na kutoka na barua mchana si majadiliano. Kuna kampuni inaweza kuwa na sababu ya kweli kabisa, tenda imeisha na vitabu vinaonyesha hasara, na bado ikashindwa kwa kuruka utaratibu.

Ukitaka kupinga kuachishwa, unapeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Mei 30. Kwa madai mengine, kama ya mshahara uliobaki, ni siku 60, lakini usiniambie habari ya 60. Wewe shika 30. Utajaza fomu namba moja ya Tume, nakala umpelekee mwajiri asaini kwamba amepokea, ndipo urudishe yenye saini Tume. Wengi wanakwama hapo kwenye saini: mlinzi anakataa kupokea, katibu muhtasi anasema bosi hayupo, siku zinakwenda. Ndiyo maana nataka fomu iwe mkononi mwako kabla ya Mei 20. Wakikataa kupokea, waulize Tume njia nyingine ya kuwafikishia; iko, na wao watakuelekeza.

Hatua ya kwanza pale ni usuluhishi. Mnakaa mezani wewe na kampuni na msuluhishi. Mimi nilikaa upande wa kampuni kwenye meza hizo miaka mingi, na nikuambie siri ya upande ule: mfanyakazi aliyekuja na jedwali la hesabu kwenye karatasi moja, ametulia, analipwa upesi kuliko aliyekuja na hasira. Usiende kuwaaibisha. Kesho utaomba kazi kwa mtu anayemjua meneja huyo. Mtwara ni mji mdogo.

Na stoo je, umeikabidhi? Hukusema, na hilo limenikosesha raha. Mtunza stoo akiondoka bila kuhesabu mzigo mbele ya mtu, baada ya miezi miwili ataambiwa betri za malori zilipungua enzi zake. Andika barua fupi ya kuomba makabidhiano: mhesabu leja kwa rafu, kadi za bidhaa zisainiwe, funguo zipokelewe kwa jina. Wakikataa, unayo nakala ya barua yako yenye tarehe. Ni kazi ya siku moja na nusu, na ifanye kwa roho safi hata kama wamekuudhi.

Sasa nikusimulie yangu kidogo. Ukiona yanachosha, ruka.

Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilikuwa zaidi ya dola 100. Januari 2015 lilikuwa chini ya 50. Kampuni za utafutaji duniani kote zikafunga mikoba, na huku kwetu, ambako kila aliyekuwa na kiwanja alikuwa anakata matofali kwa ajili ya Wazungu wa gesi, kukapoa ghafla kama chai iliyosahauliwa. Mimi nilikuwa afisa utumishi kwenye kampuni moja iliyokuwa ikiwahudumia. Nilipewa kazi ya kugawa barua. Niligawa kwa siku tatu, na bahasha ya mwisho kwenye lundo ilikuwa na jina langu. Aliyeziandaa alizipanga hivyo, sijui kwa huruma au kwa utani. Nikapokea malipo yangu, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimeyazika yote kwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita. Gesi itarudi, nilisema. Mwaka mzima nilikuwa na mgeni mmoja wa kudumu, mjomba wangu, naye halipi.

Kosa langu halikuwa nyumba ya wageni. Kosa ni kwamba nilikuwa na aibu, na aibu ilitaka niwe mfanyabiashara kabla watu hawajaniita mtu asiye na kazi. Kwa hiyo hela ikitoka, iweke mahali ambapo kuitoa kunakusumbua kidogo, na usiiguse kwa biashara yoyote kwa siku 60. Hata ya bodaboda. Pale Mkanaledi bodaboda ni nyingi kuliko abiria, unaziona mwenyewe.

Kangomba ndiyo kabisa. Shemeji yako anakuambia ni biashara. Ni kumnunulia mkulima korosho zake angali na njaa, pengine miti bado ina maua, kwa bei ya kumkaba, ili msimu ukifunguka uzipitishe AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kama zako. Ni kosa kisheria, hilo moja. Pili, mzigo wako unaweza kukwama. Novemba 2018 wanunuzi walipotoa bei za chini, serikali iliamua kuzinunua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kuzisomba. Malipo yakaenda pamoja na uhakiki, na waliopeleka mizigo mikubwa waliulizwa mashamba yao yako wapi. Wapo waliokuwa na magunia na hawakuwa na mkorosho hata mmoja wa kuonyesha. Tatu, na hili ni langu tu la moyoni: huyo mkulima anaweza kuwa baba yako mdogo. Mwache auze mnadani.

Lakini shemeji ameona kitu cha kweli bila kujua. Huku kusini ajira ina majira yake kama mvua. Anayetafuta kazi kwa kutuma maombi mwaka mzima kwa kasi moja anachoka Agosti, mwezi ambao ndio wa kuonekana. Mei na Juni ufuta unavunwa Lindi yote, Kilwa, Nachingwea, Liwale, Ruangwa, na mnada unafuata. Wakati huohuo salfa na dawa za kupulizia mikorosho zinapokelewa na kugawanywa, na kila inapopokelewa panahitajika mtu wa kuhesabu, kusainisha na kutunza. Agosti na Septemba mbaazi. Oktoba mnada wa korosho unaanza, na kuanzia hapo mpaka Januari maghala yanajaa, malori yanapanga foleni na bandari yetu inakuwa na pilika ambazo mtu wa Machi hawezi kuziamini. Yote hayo yanapita ghalani kwa mfumo wa stakabadhi: mkulima anapewa risiti, mzigo unakaa ghalani ukisubiri mnada. Ghala bila mtunza ghala anayejua kazi ni hasara ya mtu fulani. Na wewe kazi yako ni ipi?

Usisubiri Oktoba. Anayeajiriwa Oktoba alijulikana Agosti. Waendesha maghala wenye leseni ndio wa kwanza kuwaona, kisha vyama vikuu vya ushirika, MAMCU na TANECU huku, Lindi Mwambao na RUNALI upande wa pili, kisha AMCOS moja moja, kisha mawakala wa forodha na wasafirishaji. Kabla hujaenda, jifunze vitu vitatu ambavyo stoo ya vipuri haikukufundisha. Kusoma mita ya unyevu, na kuelewa kwa nini korosho mbichi zikiingia na maji zinaharibika zikiwa kwenye gunia. Kupasua sampuli na kutoa ubora, ile hesabu ya ratili ngapi za kiini safi zinatoka kwenye gunia la kilo 80, maana bei inasimama juu ya hiyo. Na kupanga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, yanayohesabika bila kuyashusha. Nilimwona kijana mmoja ana stashahada ya ugavi, amevaa vizuri, akaambiwa pima huu mzigo, akaushika ule msumari wa mita kama kipimajoto cha homa. Hawakumcheka, lakini hawakumpigia simu tena. Ukimfuata mtu wa ghalani sasa hivi kwenye ufuta, ukamsaidia siku mbili kwa chai tu, atakufundisha kuliko kozi.

Umesema unaendesha forklifti? Hukusema, lakini mtunza stoo wa miaka sita huwa ameijua kwa kuiba iba. Kama ndivyo, au kama una ufundi wowote uliojifunzia kazini, nenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, uulize habari ya urasimishaji ujuzi. Ni utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza bila darasa na kumpa cheti. Uliza fani wanazopima kwa sasa na tarehe za usajili.

Wasifu wako uwe ukurasa mmoja. Zile sentensi za kwamba wewe ni mchapakazi na unaweza kufanya kazi chini ya shinikizo, zifute. Kila mtu anaandika hivyo, hata wanaolala kazini. Weka namba za kweli: aina ngapi za vipuri zilikuwa kwenye leja yako, malori mangapi ulikuwa unayahudumia, hesabu ya mwisho wa mwaka ilitofautiana kwa kiasi gani. Msomaji wa wasifu wa mtunza stoo ana swali moja tumboni, huyu mtu anaiba au haibi, na namba zinamjibu bila kuulizwa.

Kabla ya kupeleka karatasi kokote, kaa na daftari ukumbuke waliokuwa wanakuja dirishani kwako. Madereva, wauza matairi, mafundi, mawakala waliokuwa wanaleta mizigo bandarini. Hao wanaingia kwenye stoo za watu kila siku na wanasikia nafasi kabla haijatangazwa. Andika majina 40. Waandikie mmoja mmoja, usitume ujumbe mmoja kwa kundi zima. Kitu kama hiki:

"Habari za leo kaka. Ni mimi wa stoo, tuliyekuwa tunasainiana hati za matairi. Kampuni imepunguza watu, nami nimo, kazi yangu imeisha Aprili 30. Natafuta nafasi ya stoo au ghala, hata ya msimu. Hutakuwa umenikosea ukikosa. Naomba tu ukisikia mahali, unipe jina la mhusika."

Ona kwamba hukuomba kazi. Umeomba jina. Dereva hawezi kukupa kazi na ukimwomba atakukwepa, lakini jina atakupa akiwa bado usukani.

Wakikuuliza kwenye usaili kwa nini uliondoka, jibu kwa sentensi mbili: tenda iliisha, tukapunguzwa kumi na mmoja, stoo niliikabidhi na makabidhiano haya hapa. Nyamaza. Usimseme meneja.

Kazi za serikali zinatangazwa Ajira Portal na kuomba ni bure; tangazo huwa linataja umri usiozidi miaka 45, kwa hiyo kwako bado upo muda, ila ushindani ni wa nchi nzima na mchakato ni mrefu. Jisajili, kisha endelea na mengine. TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, nao wana mfumo wao mtandaoni, bure vilevile. Yeyote anayekutaka hela ya fomu, ya usaili, ya "kupimwa afya" kabla hujaona ofisi, ni mwizi. Wakati kama huu wanaongezeka, na wanajua kabisa kwamba mtu aliyepunguzwa ana kiinua mgongo mfukoni.

Lindi na mradi wa gesi. Likong'o, eneo lililotengwa kwa mradi huo, napafahamu. Juni 2022 serikali na kampuni za nje zilisaini makubaliano ya awali ya mtambo wa kuchakata gesi, na tangu hapo watu wamekuwa wakinunua viwanja na kunoa Kiingereza. Siku mradi ukianza kweli, utausikia ukiwa Mtwara, na gari la Lindi lipo kila asubuhi. Mtu hahamishi watoto watatu kwa ajili ya tetesi. Mjomba wangu akusimulie.

Mkopo. Nenda benki kabla rejesho la kwanza halijakosekana. Ukienda baada, unaongea na kitengo kingine kabisa, na lugha yake ni nyingine. Chukua barua ya Aprili 30, omba wapange upya marejesho, na uulize kama bima ya mkopo inagusa kupoteza kazi. Mikopo mingine ya wafanyakazi inayo na mkopaji hajui kwa sababu alisaini bila kusoma. Usikope kausha damu, ile mikopo ya mitaani ya riba kubwa, ili kulipa benki. Na zile za kwenye simu ndizo mbaya zaidi, zinapiga simu mpaka kwa mama mkwe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na nyingine zimezaliwa baadaye. Kama mkeo ana kikundi cha wanawake kinachofahamika kwenye kata, ile mikopo inayotokana na asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri haina riba, na katika hiyo kumi wanawake wana fungu lao la asilimia nne. Lakini hiyo ni ya kikundi chenye shughuli inayoenda, haitumiki kuziba pengo la mshahara.

Ambayo inanirudisha kwa mkeo, na Feri.

Unakaa pale kuanzia saa mbili mpaka saa kumi, umevaa sare ya kampuni. Pantoni la Msangamkuu linakwenda na kurudi, wauza pweza wanakufahamu, kina mama wa samaki wanakuona wiki ya pili sasa. Unadhani nani hajui? Mwanamke anayenunua samaki Feri ana jirani, na jirani ana shoga. Sikutishi. Nasema una siku chache za kumwambia mwenyewe kabla hajaambiwa, na tofauti ya hayo mawili ni kubwa kuliko mshahara.

Mwambie leo usiku watoto wakilala. Usianze na kampuni wala meneja. Anza na hesabu: hii ndiyo hela inayokuja, hii ya NSSF kwa miezi sita, hili ndilo deni, hapa ndipo panapopungua. Mtu akipewa habari mbaya pamoja na namba anapata cha kushika. Atakasirika kwamba ulificha, na ana haki; usijitetee. Kisha mpange pamoja vya kukata. Kama kuna mtoto kwenye shule ya kulipia, nendeni wote wawili kwa mwalimu mkuu sasa, kabla ya muhula wa Julai, mkaombe kulipa kidogo kidogo au mjue mapema kwamba Januari anahamia ya serikali. Kuhamia shule ya serikali hakujamuua mtu. Mimi mwenyewe nimesoma huko, na barua hii umeielewa.

Asubuhi vaa shati lako la kawaida. Sare irudishe kampuni siku ya makabidhiano, wakuandikie imepokelewa. Na ukienda NSSF mwombe mkeo akusindikize, maana watataka kitambulisho cha NIDA na kadi ya benki, na sina shaka anayejua vilipo nyumbani kwenu ni yeye.